Kipimo cha Mama Mkwe

1

Kwa miaka tisa mama mkwe wangu hakuwahi kunitazama usoni, na siku aliponitazama nilikuwa nimeshika mkanda wa kuupima ubongo wake.

Nieleze kidogo kabla hujanihukumu. Kwetu, chini ya Mlima Elgon, mwanamume na mama wa mke wake hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hawali sahani zikiwa karibu. Si ugomvi, ni heshima, na Mama Rasoa Namalwa alikuwa bingwa wa heshima hiyo. Nikiingia kwake kwa mlango wa mbele, yeye ameshatoka kwa wa nyuma. Tukikutana njiani, anaingia kwenye mahindi ya watu na kunipa mgongo mpaka nipite, hata kama mahindi yenyewe yamemfika magotini tu. Akiwa na neno, hulisema kutoka upande wa pili wa ukuta, au humtuma mwanangu Khaemba: mwambie baba yako chai inapoa. Mimi niliyesomea mashine nilikuwa nikicheka. Nilimwambia mke wangu Nelima mara nyingi kwamba mambo hayo ni ya wazee, na kwamba katika mwaka wa 2071 mtu mzima hajifichi kwenye mahindi.

Jumanne hiyo nilikuwa nimeletwa kituo cha juu, Kapsokwony, kushika zamu ya Bi. Jerotich aliyekuwa amejifungua. Yeye ndiye huwapima wafanyakazi wa Kamba, ule usafiri wetu wa vibanda vinavyopita juu ya waya. Orodha ya wanaopimwa haina majina, ina namba za kazi peke yake, ili mpimaji asimpendelee mtu. Niliita namba 0418. Mlango ukafunguka, akaingia Mama Rasoa akiwa na sare yake ya bluu.

Alinitazama, mara moja tu, kisha macho yakashuka sakafuni na hayakupanda tena.

Angeweza kutoka. Lakini mtu akitoka baada ya kuitwa, mashine huandika kwamba amekataa kupimwa, na leseni yake inasimama siku hiyohiyo. Nje kulikuwa na wenzake sita kwenye benchi. Nami ningeweza kusimamisha kazi. Kwenye kioo cha mashine kulikuwa na swali ambalo hutokea kila mara: je, anayepimwa ni ndugu yako wa damu, mzazi wako au mwenzi wako? Walioliandika swali hilo walikaa mjini, na neno mkwe halikuwapitia akilini. Nikabonyeza hapana. Sikudanganya, lakini nilijua ninachofanya, na hata sasa nikikumbuka najionea haya.

"Karibu, mama," nikamwambia. Alikaa, akanyoosha mkono, akageuza uso ukutani.

Mkanda ule haukubali kuwaka mpaka mtu wa pili aubane kwa vidole vyake juu ya mshipa na kuushikilia. Kwa hiyo nikamshika mama mkwe wangu mkono, nikahesabu hadi ishirini kama tulivyofundishwa. Mkono wake ulikuwa wa baridi na haukutikisika hata kidogo.

2

Watu hudhani moyo mzima hupiga kama saa ya ukutani. Sivyo. Kati ya pigo na pigo kuna nafasi, na kwa mtu mwenye afya nafasi hizo hazilingani: ukivuta pumzi zinafupika, ukiitoa zinarefuka, ukiwaza jambo zinabadilika tena. Hiyo ndiyo tunaita mnyumbuko. Kuna mshipa wa fahamu unaotoka ubongoni hadi moyoni, kazi yake ni kama ya breki, na mkono ulioshika breki hiyo umo sehemu ya mbele ya ubongo, palepale tunapopangia mambo na kujizuia tusifanye upumbavu. Umri unapokwenda, sehemu hiyo huwa nyembamba. Breki inalegea, na nafasi za moyo zinaanza kulingana. Watafiti waliona kwamba mambo haya mawili hutembea pamoja kwa watu wengi. Walisema kwa watu wengi. Idara ya Mnyumbuko ilipoanzishwa, maneno hayo matatu yaliachwa nje ya mlango.

Basi kila aliyetimiza miaka sitini na kushika maisha ya wengine mkononi hupimwa kila mwaka kwa dakika tano. Akipata thelathini au zaidi, anarudi kazini. Akishuka chini ya hapo, hupewa kadi ya kijivu. Kadi hiyo haimwondoi kazini tu. Mwenye nayo hauzi ng'ombe, hatii sahihi hati ya shamba, hachagui hospitali ya kulazwa, bila msimamizi. Na msimamizi wa Mama Rasoa angekuwa mtoto wake wa pekee, Nelima. Ndiyo kusema nyumba yangu ndiyo ingemtawala.

Mwaka uliotangulia Bi. Jerotich alimpata na arobaini na sita, akiwa na miaka sitini na sita. Wenzangu waliitaja namba hiyo kwa wivu.

Nilitazama kioo. Nafasi za moyo wake zilikuwa zikija, kwa sehemu za elfu za sekunde, 702, 703, 702, 702, 703, kama askari kwenye gwaride. Dakika ya tano ilipoisha mashine ikaandika na kutamka kumi na saba. Chini yake ikachora ubongo, sehemu ya mbele imepauka, na ikakadiria umri wake: miaka themanini na tisa.

Mama Rasoa alivua mkanda mwenyewe, akauweka mezani mbali na mkono wangu, akatoka. Zamu yake ilikuwa ianze saa kumi jioni, na saa kumi hiyohiyo ndiyo ilikuwa mwisho wa mimi kupeleka namba.

Niliwapima wale sita waliobaki bila kuwaona. Nilikuwa nawaza vibanda arobaini vya Kamba vinavyoning'inia juu ya mabonde kutoka Kimilili hadi huku, na yule mwanamke ambaye kwa miaka ishirini na miwili ameketi kwenye chumba cha breki kuvishusha na kuvipandisha. Kibanda cha saa kumi na nusu hubeba watoto wa shule. Khaemba wangu huwa ndani yake.

Kuibadilisha namba kulikuwa rahisi. Kila mpimaji anajua njia, ingawa hakuna anayekiri. Lakini kila mpimaji anajua pia habari ya kule Kamba ya kusini, ambako mwenzetu mmoja alimfichia rafiki yake namba mbovu, na miezi mitatu baadaye rafiki huyo akaketi mbele ya breki akasahau ni ya nini. Watu wanne walivunjika miguu, mmoja hatembei mpaka leo. Nilikuwa nimelia kwenye semina waliposimulia kisa hicho. Sasa zamu ilikuwa yangu, na nikagundua kwamba kulia kwenye semina ni kazi nyepesi.

3

Saa sita niliteremka nyumbani. Nelima ni mwalimu na siku ya Jumanne huwa hana vipindi vya mchana. Nilimkuta akichambua maharage. Sheria inanikataza kumwambia mtu wa nje namba ya mtu. Nilimwambia. Nilimwambia yote kwa pumzi moja, na kwamba nina saa nne tu za kuamua kama nitamwua mama yake au nitahatarisha mtoto wetu.

Hakulia. Aliuliza swali moja ambalo sikulitarajia.

"Nani alimfunga mkanda?"

"Mimi."

"Ulimshika mama mkono?"

Nikasema ndiyo, sekunde ishirini, ni utaratibu wa kazi. Nelima akaacha maharage. Akaniambia kwamba wakati wa matanga ya baba yake, watu walipobanana ndani kwa sababu ya mvua, bega langu liligusa la mama yake, na mama yake alilala siku mbili bila kula. Hakunichukia, alisema, ila mwili wake ulikataa. Mimi ndiye niliyekuwa nikidhani kule kuingia kwenye mahindi ni mchezo.

"Wewe unajua mashine, Baba Khaemba," akasema. "Mimi namjua mama. Hata ungempima simba akiwa ameshikwa hivyo, moyo wake ungesimama wima kama askari."

Ndipo nikakumbuka jambo ambalo sisi wapimaji hatulikumbuki kabisa. Mpimaji naye huvaa mkanda, ili mashine ipate kujua joto na mitetemo ya chumba. Namba zake huhifadhiwa mahali fulani na hakuna anayezisoma. Nikafungua faili la asubuhi kwenye mashine niliyoteremka nayo, nikiwa nimesimama palepale jikoni. Mimi nina miaka thelathini na minane, na kawaida yangu ni hamsini na kitu. Kwa wale sita wa mwisho nilikuwa nimeyumba kati ya ishirini na nane na thelathini na tano, jambo lililonishtua lakini nikalielewa. Kwa Mama Rasoa nilikuwa na kumi na nne. Kwa sheria ya Idara, aliyemshika mama mkono asubuhi ile alikuwa mzee wa miaka tisini na zaidi, wa kupewa kadi na kutafutiwa msimamizi.

Nilicheka mpaka nikaketi kwenye gunia la maharage. Heshima niliyokuwa nikiitania kwa miaka tisa ilikuwa imo ndani yangu muda wote, imekaa kimya, na iliponishika ilinishika kuliko alivyoshikwa yeye.

Nelima naye alicheka, kisha akanyamaza kabla yangu. "Lakini hujui," akasema.

Kweli nilikuwa sijui. Kugundua kwamba kipimo kimeharibika si kugundua kwamba ubongo ni mzima. Hofu hushusha namba, na uzee hushusha namba, na vyote viwili vinaweza kukaa katika kifua kimoja. Nilikuwa nimepata sababu niliyoitaka, na sababu unayoitaka ndiyo ya kuogopa zaidi.

4

Nilimpigia simu Daktari Masibo, mkubwa wangu aliye Bungoma. Ni mtu mkavu, asiyetaniana na mtu, na alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaniuliza kama najua maana ya fomu ya hitilafu ya mpimaji. Nilijua. Kipimo hakirudiwi kwa sababu mpimwaji alikuwa na wasiwasi, maana kila mtu huwa na wasiwasi. Kinarudiwa tu pale mpimaji anapoandika kwa jina lake kwamba yeye ndiye aliyekiharibu. Akiandika hivyo, cheti chake kinasimama tangu saa hiyo, na akirudishwa kazini si kabla ya miezi sita.

"Na namba ya pili ndiyo itakayokwenda," akasema. "Ikiwa kumi na saba tena, utakuwa umepoteza cheti chako na yeye amepata kadi. Umelifikiria hilo?"

Nilimwambia nimelifikiria. Sikuwa nimelifikiria sana. Nilijua tu kwamba swali la kwenye kioo lilinipa nafasi ya kusema kweli nikaikataa, na kwamba sikutaka bibi wa mtoto wangu alipie kiburi hicho. Nikaandika: mpimwaji ni mama wa mke wangu, kwa desturi yetu sikupaswa kumgusa wala kukaa naye, nilijua na nikaendelea. Nikatia sahihi. Mkanda wangu ukazimika mkononi.

Daktari Masibo alikubali kukisoma kipimo cha pili yeye mwenyewe kutoka Bungoma. Mimi ningebeba mashine tu, na jirani asiye ndugu angefunga mkanda. Saa nane tulikuwa uani kwa Mama Rasoa, mimi na Nelima na Mama Truphena wa nyumba ya pili, anayeimba naye kwaya. Niliiweka mashine mlangoni, nikazunguka nyuma ya jiko, nikakaa chini nikiwa nimeuegemea ukuta wa udongo.

Nilimsikia Nelima akimweleza. Nikamsikia Mama Rasoa akiuliza kwa nini mara ya pili, na kama ni huruma, watu waende zao na huruma yao. Nelima akamwambia kuhusu fomu. Halafu sauti ikaja karibu na ukuta wangu. Alikuwa amesogea upande wa jiko ili aseme nami.

"Baba Khaemba."

"Naam, mama."

"Mwezi uliopita niliweka funguo ndani ya unga, nikazitafuta siku tatu. Juzi nimemwita Truphena kwa jina la dada yake. Ile namba yako ya asubuhi, mimi niliposhuka mlimani nilisema, basi ndiyo hiyo. Sasa ukirudia na ikawa hiyohiyo?"

Ningeweza kumwambia haitakuwa. Kinywa changu kilikuwa tayari. Lakini huyu alikuwa mtu aliyeketi mbele ya breki miaka ishirini na miwili, na hakuwa ameniuliza ili nimbembeleze.

"Ikiwa hiyohiyo, mama, itakuwa kweli, na Nelima atakaa nawe, na mimi nitakaa huku nje ya ukuta mpaka utakaponiambia niondoke. Lakini ile ya asubuhi haikuwa yako peke yako. Nusu yake ilikuwa yangu."

Nikasikia kiti kikivutwa na Mama Truphena akimwambia alegeze vidole.

Sijui kama umewahi kungoja dakika tano ukiwa huoni kitu. Nilihesabu nyufa za ukuta. Kuku mmoja alikuja akanitazama kwa jicho moja, akaenda zake. Ndani, Mama Truphena alikuwa akivumisha wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini, na baada ya muda nikasikia sauti ya pili imemfuata, nzito kidogo, na nikajua ni yake. Niliomba, mimi ambaye Jumapili huwa natafuta sababu ya kutokwenda kanisani.

Kisha sauti kavu ya Daktari Masibo ikatoka kwenye mashine, ikataja namba ya kazi, tarehe na saa, kwa utaratibu wake usio na haraka, na mwishoni ikasema thelathini na tisa.

Nelima alipiga ukelele mmoja. Mama Truphena akasema asante Yesu, mara nyingi. Mimi nililia kwa sauti, nimekaa chini kwenye vumbi, na sikujali nani ananisikia. Thelathini na tisa si arobaini na sita. Mwaka mmoja ulikuwa umepita na kuchukua chake, kama unavyochukua kwa kila mtu. Lakini alikuwa bado ni yeye, na sahihi yake ilikuwa bado yake, na funguo za ndani ya unga zilikuwa funguo za ndani ya unga, hakuna zaidi.

Daktari Masibo aliongeza jambo moja kabla ya kukata, na alilisema kwa namna yake ile ya kusoma barua. Kwamba atapendekeza neno mkwe liongezwe kwenye lile swali. Kwamba haimaanishi nimesamehewa.

Saa tisa na robo Mama Rasoa alivaa viatu vya kazi. Nilisubiri mpaka nikasikia lango, nikahesabu hadi mia ili awe amefika mbali, ndipo nikainuka. Nelima alibaki kupika. Mimi ilibidi niteremke Kimilili kurudisha mashine ya Idara na mkanda uliozimika, na njia ya kwenda Kimilili ni Kamba tu.

Niliingia kibanda nambari kumi na tisa, mimi na wanawake wawili wenye mitungi ya maziwa na bwana mmoja aliyelala kabla hatujaondoka. Saa kumi kamili waya ulikaza. Kibanda kiliacha jukwaa taratibu, kikatokea juu ya bonde, na chini yetu mashamba yakawa madogo. Sikushika chuma cha kujishikilia. Wapimaji wote hushika chuma, kwa kuwa tunajua mengi mno.

Tulipofika juu ya mto, kipaza sauti cha kibandani kikakoroma. Ni kawaida, mwongoza Kamba huwatangazia abiria upepo. Mama Rasoa alitangaza upepo. Akatangaza kwamba vibanda vitapunguza mwendo kwenye nguzo ya nane. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kazini, vibanda vyote arobaini vikisikia:

"Baba Khaemba, uliandika kosa lako ukaliacha langu, la kuketi nilipopaswa kutoka. Asante, mwanangu."

Wale wanawake wenye maziwa wakatazamana, wakaniuliza Baba Khaemba ni nani. Niliukaribia uso wa kipaza sauti nikajibu, "Asante, mama," ingawa najua vile vipaza sauti husema tu, havisikii.